Kwa Nini Tunamhurumia Kinjeketile? Kosa, Historia na Hadhira

Utangulizi

Kila mwaka tunapofika kwenye tamthiliya ya Kinjeketile katika kozi yetu ya fasihi andishi, swali moja hurudi darasani: mtu huyu tumhurumie au tumlaumu? Swali hili si la mtihani tu. Mtu aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi, nao wakasimama mbele ya bunduki za rashasha wakiliamini neno lake, hawezi kuitwa mtu asiye na kosa. Hata hivyo, tumeshuhudia mara nyingi wanafunzi wanapoigiza onyesho la mwisho kwamba ukumbi mzima hunyamaza. Hakuna anayemzomea mfungwa yule. Hadhira inajua kosa lake, na bado inamhurumia.

Katika makala haya tunanuia kuonyesha kwamba huruma hiyo haikuja kwa bahati. Ebrahim Hussein aliijenga kwa makusudi, na nguzo yake kubwa ni badiliko moja alilolifanya katika historia: alimwacha shujaa wake aishi muda mrefu kuliko alivyoishi mtu mwenyewe. Ili tusichanganye mambo, tutatumia jina la Kinjikitile kwa mtu wa historia, na Kinjeketile kwa mhusika wa tamthiliya.

Mtu wa historia

Kinjikitile Ngwale aliishi Ngarambe, kusini mwa mto Rufiji, katika nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Wajerumani. Mwaka 1904 habari zilianza kuenea kwamba amepandwa na pepo aitwaye Hongo. Watu walimwendea kwa makundi kutoka mbali, wakachukua dawa iliyokuja kuvipa vita jina lake, yaani maji.

Hatuwezi kuyaelewa maji hayo bila kuitazama pamba. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika sehemu za kusini. Watu walilazimishwa kuyalima chini ya usimamizi wa maakida na majumbe, huku mashamba yao ya chakula yakiwangoja. Juu ya hayo palikuwa na kodi na viboko. Wamatumbi, Wakichi, Wangindo na Wapogoro hawakuwa na mtawala mmoja wa kuwaita vitani pamoja. Maji yalifanya kazi ambayo hakuna mfalme aliyeweza kuifanya: yaliwapa watu wa lugha na koo mbalimbali kiapo kimoja.

Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905, Wamatumbi walipoing'oa pamba. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa huko Mohoro. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa aliwaambia waliomkamata kuwa dawa yake ilikuwa imekwisha kufika Kilosa na Mahenge. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge, wakapokewa kwa risasi za rashasha. Vita viliendelea hadi 1907. Wajerumani walichoma vijiji, mashamba na maghala, na njaa ikawaua watu wengi kuliko risasi. Serikali ya kikoloni ilikadiria kuwa Waafrika 75,000 walikufa. Mwanahistoria G. C. K. Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee mwishoni mwa miaka ya 1960, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kwa upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 15 na askari Waafrika 389.

Tunamwomba msomaji aziangalie tena tarehe mbili za mwezi ule wa Agosti. Kati ya kunyongwa kwa Kinjikitile na mashambulizi ya Mahenge zilipita siku 26. Mtu wa historia hakuona rashasha zikilikanusha neno lake. Kama masimulizi yalivyo, alikufa akijivunia kwamba neno lake limesafiri. Mtu wa namna hiyo anaweza kusifiwa kwa ushujaa au kulaumiwa kwa upotoshaji. Kumhurumia kama anavyohuruniwa mhusika wa tanzia ni vigumu zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kuliona kosa lake.

Mhusika wa jukwaani

Hussein, mzaliwa wa Kilwa mwaka 1943, aliitoa tamthiliya yake mwaka 1969 akiwa kijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tukumbuke hali ya wakati ule. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru mwaka 1961, Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, na vita vya Majimaji vilihesabiwa kuwa chimbuko la mapambano ya taifa. Nyerere mwenyewe alivitaja mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, alipokuwa akidai uhuru. Katika hali hiyo ingekuwa rahisi kabisa kumweka jukwaani shujaa asiye na doa, hadhira ikapiga makofi ikaenda zake nyumbani.

Aidha, wasomaji wa Kiswahili walikuwa wamekwisha kuonjeshwa tanzia za nje. Nyerere alimtafsiri Shakespeare katika Julius Caezar mwaka 1963, na S. S. Mushi akatoa Makbeth mwaka 1968. Katika kazi hizo walikutana na Brutus, mtu mwema anayeua kwa nia anayoiona njema, na Macbeth, askari hodari anayeua akijua fika kwamba anatenda uovu. Kwa hiyo hadhira ya Kinjeketile haikuwa ngeni kwa mhusika anayeanguka kwa sababu ya jambo lililomo ndani yake mwenyewe. Jambo jipya lilikuwa kumwona mtu wa namna hiyo akitoka katika ardhi yao, akiongea lugha yao, na akitajwa katika masimulizi ya babu zao.

Katika utangulizi wa tamthiliya Hussein anatutahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu, hata kama matendo yake yanafanana na ya mtu wa historia. Wanafunzi wengi huuruka utangulizi huo. Sisi tunauona kuwa ni ufunguo.

Nguzo tatu za huruma

Nguzo ya kwanza ni njaa. Tamthiliya haianzi na mtabiri, bali inaanza na wanawake. Bibi Kitunda na Bibi Kinjeketile wanazungumza juu ya chakula kisichopatikana na wanaume wanaofanyishwa kazi katika shamba la Bwana Kinoo. Kabla hatujamsikia Kinjeketile akitoa neno lolote, tumekwisha kujua kwa nini neno linahitajika. Hivyo maji yanapoletwa hatuwacheki wanaoyapokea. Mwenye kiu hachunguzi kisima kimechimbwa na nani.

Nguzo ya pili ni kwamba Kinjeketile si tapeli. Anavutwa ndani ya mto, anatoka akiwa mtu mwingine, na analisema lile analoamini kuwa amepewa aliseme. Hatafuti mali wala cheo. Aristotle, alipoichambua tanzia ya Wayunani, alieleza kwamba mtu mwovu akianguka hatumhurumii, na mtu mwema kabisa akiangamia tunachukizwa tu. Anayetugusa ni yule wa katikati, mtu anayefanana nasi, ambaye huanguka kwa kukosea na si kwa uovu. Kinjeketile ni mtu wa katikati. Kosa lake ni kulitoa neno kubwa kabla hajalichunguza limetoka wapi na linakwenda wapi.

Nguzo ya tatu, ambayo kwetu ndiyo kubwa, ni utambuzi. Katika utabiri wake Kinjeketile anawaambia watu kwamba baada ya kuwafukuza Wajerumani watakuwa watoto wa Seyyid Said. Umati unashangilia wala hausikii tatizo. Baadaye, akiwa ametulia, yeye mwenyewe analisikia. Seyyid Said alikuwa mtawala wa Oman na Unguja, aliyefariki mwaka 1856, na utawala wake uliandamana na biashara ya watumwa iliyozoa watu wa bara. Ni uhuru gani huo wa kumtoa bwana mmoja ili kumrudisha mwingine? Na kama sehemu hii ya neno ni mtego, sehemu ya maji nayo je? Anaanza kushuku kwamba aliyelitia neno kinywani mwake hakuwa na nia njema.

Tangu hapo mhusika huyu yuko peke yake. Anataka watu wasubiri, lakini watu wamekwisha kuungana, silaha zimekwisha kunolewa, na subira yao imekwisha. Neno alilolizaa limepata miguu. Wengine wamelishika kwa nguvu kuliko yeye, na mashambulizi yanafanyika. Hapa ndipo tunapoiona faida ya badiliko la kihistoria tulilolitaja. Hussein amemnyima shujaa wake kifo cha mapema. Amemwacha hai hadi baada ya rashasha, ili ajue. Yule wa Mohoro alikufa na imani yake, lakini huyu wa jukwaani anabaki hai baada ya imani kuvunjika na anaibeba hesabu ya wafu.

Na bado haijatosha. Katika onyesho la mwisho yumo kifungoni pamoja na Kitunda, aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji, ambaye ameteswa. Anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Yeye mwenyewe hayaamini tena, kwa hiyo kulitamka jambo hilo kungekuwa kusema kweli. Hata hivyo anakataa. Anaona kwamba akisema hivyo, adui hataitumia kauli yake dhidi ya maji tu, bali dhidi ya sababu iliyowafanya watu wapigane. Watoto na wajukuu wataambiwa kwamba babu zao walikosea kuukataa utumwa. Hadhira inajikuta mahali pagumu: inamhurumia mtu anayekataa kuukana uongo, kwa kuwa nyuma ya uongo ule imesimama haki.

Swali kutoka nyuma ya darasa

Tulipokuwa tukisomea shahada ya uzamili Dar es Salaam, wenzetu wa Tanzania walimzungumzia Kinjeketile kama babu wa taifa. Ubishi wao ulikuwa juu ya ushujaa wake na umoja wa makabila. Tuliporudi kufundisha Uganda tulibeba maelezo yaleyale, tukayamwaga darasani. Siku moja mwanafunzi mmoja kutoka kaskazini, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, alisimama nyuma ya darasa akasema: "Mwalimu, sisi kwetu hatuwezi kumhurumia mtu kama huyu. Kwetu hayakuwa maji, yalikuwa mafuta."

Darasa lote lilielewa, nasi tulikosa la kusema kwa muda. Mwaka 1986 Alice Auma, aliyesema amepandwa na roho aitwaye Lakwena, alianzisha jeshi katika nchi ya Waacholi. Wapiganaji wake walipakwa mafuta ya shea, yale yanayoitwa moo yaa, wakaambiwa kwamba wakizishika amri za roho risasi hazitawadhuru. Waliteremka kusini hadi karibu na Jinja, na huko wakashindwa mwishoni mwa mwaka 1987. Maelfu walikuwa wamekufa njiani. Kiongozi wao alikimbilia Kenya, akafia katika kambi ya wakimbizi Januari 2007.

Wala kisa hiki hakiko peke yake katika eneo letu. Katika West Nile, watu walikunywa maji ya Yakan mwanzoni mwa karne ya ishirini, na mwaka 1919 wakainuka dhidi ya Waingereza. Kule Kongo, wapiganaji wa Simba wa mwaka 1964 waliingia vitani wakiwa wamenyunyiziwa dawa na kulitaja jina la Mulele. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili anayefundisha Kinjeketile mjini Kampala, Gulu, Kisangani au Bukavu asidhani kwamba anafundisha jambo la kale la watu wengine. Huenda mbele yake ameketi mtoto wa mtu aliyepakwa, au wa mtu aliyepigwa risasi na waliopakwa.

Swali la mwanafunzi yule lilitufundisha kwamba tulikuwa tukiidai huruma kana kwamba ni jibu sahihi la mtihani. Tulikuwa tukiwaambia wanafunzi: huyu ni shujaa wa tanzia, kwa hiyo mhurumieni. Hiyo si njia ya kufundisha fasihi. Huruma ya hadhira ni jambo la kuchunguzwa, na hadhira ina haki ya kuinyima.

Maswali matatu ya kumpimia shujaa

Katika kipindi kilichofuata tulibadili mwendo. Kwanza tuliwaomba wanafunzi wawili wasome kwa sauti mazungumzo ya wale wanawake wa mwanzo, taratibu, mpaka njaa ile isikike. Kisha tuliandika ubaoni maswali matatu, na tangu wakati huo tumeyatumia kila mwaka: Alijua nini? Alijua lini? Baada ya kujua, alikuwa na uwezo wa kufanya nini, na alifanya nini?

Maswali haya yanaonekana mepesi, lakini yanawatenganisha wahusika ambao vitabu vingi vya mwongozo huwafunga pamoja katika furushi moja la "mashujaa wenye dosari". Macbeth anajua kabla ya kutenda, na anatenda. Tukimhurumia, tunamhurumia kwa sababu tunasikia dhamiri yake ikilia anapokuwa peke yake. Brutus hajui kwamba wenzake wanamtumia, na anapokuja kujua, Roma imekwisha kuwaka. Kinjeketile anajua katikati: baada ya neno kutoka, kabla ya damu kumwagika. Muda huo mfupi ndio unaoibeba tanzia yake yote.

Tena ndipo lawama yake inapoonekana waziwazi. Wanafunzi wetu waligawanyika vibaya juu ya swali la tatu. Baadhi walisema kwamba alipaswa kusimama mbele ya umati na kuyakana maji, hata kama angeuawa na watu wake mwenyewe. Wengine walijibu kwamba angefanya hivyo, umoja ungevunjika na watu wangeendelea kufa kidogokidogo katika mashamba ya pamba, bila hata kupigana. Ubishi uliendelea hadi nje ya darasa, kwenye ngazi, na hatukuuzuia.

Mwanafunzi wa kaskazini hakubadili msimamo wake. Aliandika katika insha yake kwamba bado hajamsamehe mtu yule, lakini sasa anajua anamlaumu kwa lipi: hamlaumu kwa kuota, anamlaumu kwa kuchelewa kusema. Tuliisoma sentensi ile mara kadhaa. Miaka yote tuliyokuwa tukieleza dhana ya dosari kwa kutumia istilahi, hatukuwahi kuieleza vizuri hivyo.

Mipaka ya huruma

Wapo wanaodai kwamba kumhurumia kiongozi aliyekosea ni kuwasahau waliokufa kwa kosa lake. Hoja hii ina uzito, na historia inatulazimu tuisikilize, kwa maana jukwaa lina desturi ya kumpa nafasi mtu mmoja, huku maelfu wakifa nje ya pazia. Kinjeketile ana jina. Wengi wa wale walioanguka Mahenge hawana.

Hata hivyo, tukiisoma tamthiliya kwa makini tunaona kwamba Hussein hakuwasahau. Amemfunga Kinjeketile pamoja na Kitunda, na mwili wa Kitunda umebeba mateso ya waliolifuata neno. Shujaa hawezi kuongea juu ya vizazi vijavyo bila kumwona pale sakafuni mtu aliyelipa gharama. Hadhira nayo inawaona wote wawili kwa pamoja. Kwa maoni yetu, hapo ndipo tofauti ya tanzia na sifa ilipo. Sifa humwondoa shujaa mbele ya watu aliowaumiza, ila tanzia humkalisha nao chumba kimoja.

Kwa hiyo tunashauri walimu wasilifundishe onyesho la mwisho bila kulirudisha kwenye onyesho la kwanza, wala wasimfundishe Kinjeketile bila kumtaja Kinjikitile. Mwanafunzi ajue kwamba mtu wa historia alinyongwa tarehe 4 Agosti, siku 26 kabla ya Mahenge, kisha ajiulize mwandishi amepata nini kwa kumwongezea maisha mhusika wake. Atakapogundua kwamba amemwongezea maisha ili amwongezee ujuzi wa kosa lake, atakuwa ameielewa tanzia bila kukariri hata istilahi moja.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba hadhira humhurumia Kinjeketile kwa sababu imeiona njaa iliyolizaa neno lake, imemwona akiamini kwa moyo safi, na imemshuhudia akilitambua kosa lake wakati ambapo wengine wote bado wanashangilia. Huruma hiyo haifuti deni, bali inatuonyesha limekopwa wapi. Katika eneo letu, ambako maneno ya watabiri na ya wanasiasa yamewapeleka vijana wengi mahali wasikorudi, kumfundisha mwanafunzi kuuliza "alijua lini?" ni kazi inayovuka mipaka ya chumba cha mtihani.

Tunawakaribisha walimu na wanafunzi watuandikie jinsi wanavyoifundisha au walivyofundishwa tamthiliya hii, hasa wale walio karibu na sehemu tulizozitaja. Neno likishatoka halirudi, lakini linaweza kujadiliwa.